Shilingi Moja kwa Jumapili: Historia Fupi ya Shule ya Watoto

Jumapili ya Mikaeli na Watoto, kanisa ni lao. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) siku hiyo huangukia mwishoni mwa Septemba. Watoto ndio wanaosoma masomo, wanaoimba, wanaotoa ngonjera na kukusanya sadaka, na wazee huwapisha viti vya mbele. Mgeni anaweza kujiuliza malaika mkuu Mikaeli anahusiana nini na watoto wa miaka minne. Jibu limo katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, somo la tangu zamani la sikukuu hiyo: Yesu anaonya kwamba wadogo wasidharauliwe, kwa kuwa wanao malaika wao mbinguni.

Nimeona siku hii inafaa kuikumbuka taasisi inayowaandaa watoto hao, Shule ya Jumapili, ambayo wengi wetu tunaiita sandeskuli tu. Tumezoea kuiona kama chumba cha pembeni, mahali pa kuwaweka watoto ili wakubwa wasikilize mahubiri kwa utulivu. Haikuanza hivyo. Haikuanzia hata kanisani.

Ilianzia kwenye mji wa pini. Mwaka 1780 Gloucester, magharibi mwa Uingereza, ulikuwa na viwanda vilivyoajiri watu wengi maskini, wakubwa kwa wadogo, kutengeneza pini. Mtoto alifanya kazi siku sita. Siku ya saba kiwanda kilifungwa, naye akabaki mtaani. Robert Raikes, mwenye gazeti la Gloucester Journal alilorithi kwa baba yake, alipita siku moja pembezoni mwa mji kwa shughuli zake, akakuta kundi la watoto waliovaa matambara wakicheza njiani. Akasikitika. Mwanamke mmoja wa mtaa ule akamwambia kwamba aliyoyaona hayakuwa kitu. Angekuja Jumapili, watoto wakiwa hawana kazi, ndipo angesikia kelele na matusi yenyewe.

Raikes alikuwa ameshatumia miaka mingi kuwasaidia wafungwa wa gereza la mji wake. Aliwajua watu wazima ambao watoto wale wangekuja kuwa. Akauliza kama kulikuwa na wanawake wa mtaa ule ule wanaojua kusoma na wanaoweza kukaa na watoto. Akawapata wanne. Akaahidi kumlipa kila mmoja shilingi moja kwa Jumapili.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hapa ndipo taasisi ilipozaliwa. Raikes alitoa fedha na wazo, na padri Thomas Stock akashirikiana naye kuzisimamia shule hizo. Lakini walioketi na watoto walikuwa wanawake kama Bi Meredith, nyumbani kwake Sooty Alley, uchochoro uliopewa jina la masizi ya dohani. Wavulana wale walikuwa wakali kiasi kwamba walimshinda, na darasa likahamishiwa kwa Bi Critchley, mtaa wa Southgate. Masharti ya kuingia yalikuwa mepesi: uso na mikono viwe safi, nywele ziwe zimechanwa. Mwenye viatu na asiye na viatu, wote walipokelewa.

Ratiba ndiyo iliyokuwa nzito. Watoto, wengi wao wa kati ya miaka sita na kumi na minne, walifika saa nne asubuhi wakasoma hadi saa sita. Walirudi saa saba, wakasoma tena, wakapelekwa kanisani, kisha wakakariri katekisimu mpaka saa kumi na moja na nusu jioni. Michezo haikuwamo. Picha hazikuwamo. Nikifikiria mtoto aliyefanya kazi siku sita kisha akaketi hivyo siku ya saba, moyo unaniuma, na bado walikuja. Walikuja kwa sababu hapo palikuwa mahali pekee ambapo mtu mzima aliwafundisha herufi. Biblia ndiyo iliyokuwa kitabu cha kusomea, na kwa wengi ilikuwa shule yao yote.

Haki itendeke pia kwa Hannah Ball, aliyewakusanya watoto wa High Wycombe siku za Jumapili tangu 1769, miaka kumi na mmoja kabla ya Raikes. Raikes alijulikana zaidi kwa sababu alikuwa na gazeti. Alingoja miaka mitatu aone kama jambo linashika, kisha Novemba 1783 akaliandika. Habari ikaenea upesi. Mwaka uliofuata mhubiri John Wesley aliandika katika kumbukumbu zake kwamba anazikuta shule hizi kila aendako. Mwaka 1785 William Fox, mfanyabiashara wa London, akasaidia kuanzisha chama cha kuzieneza. Wapo waliopinga, wakisema maskini akijua kusoma atakosa utii, na wengine wakisema kufundisha ni kazi na Jumapili si siku ya kazi. Hawakuzuia kitu. Kufikia 1831 watoto wapatao 1,250,000 wa Uingereza walihudhuria kila juma. Katika kukua huko jambo moja lilibadilika kimya kimya: shilingi ikatoweka. Walimu wa kujitolea wakachukua nafasi ya wale wa kulipwa, na hadi leo mwalimu wa sandeskuli hana mshahara.

Raikes alifariki mwaka 1811. Aliacha wosia kwamba watoto wa shule zake wasindikize jeneza, na kila mmoja apewe shilingi moja na keki. Sanamu yake ilisimamishwa London, kando ya mto Thames, mwaka 1880. Bi Meredith hana sanamu.

Kule Wales moto ule ule uliwaka kwa namna nyingine. Thomas Charles wa Bala alisambaza shule za vijijini, na katika shule hizo binti maskini aitwaye Mary Jones alijifunza kusoma. Aliweka akiba kwa miaka sita, na mwaka 1800 akatembea takriban kilomita 40 hadi Bala kununua Biblia ya Kiwelisi. Habari zake zilichangia kuanzishwa kwa Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje mwaka 1804, na chama hicho ndicho kilichokuja kuchapa Biblia za Kiswahili, ikiwamo Union Version ya 1952. Mwalimu wetu anapofungua kitabu hicho chini ya mwembe, ameshika tunda la akiba ya binti yule.

Kisha sheria zikaja. Ya mwaka 1833 ilipunguza kazi za watoto viwandani, na ya 1870 ilifungua njia ya shule za msingi za umma Uingereza. Herufi zikahamia siku za juma. Shule ya Jumapili ikabakiwa na masimulizi peke yake, na ikalazimika kujiuliza swali ambalo haikuwahi kulikabili: mtoto mdogo asiyejua kusoma anafundishwaje Biblia?

Mwanzoni lilijibiwa vibaya. Mwaka 1872, katika mkutano wa Indianapolis huko Marekani, viongozi walikubaliana kwamba shule zote zifuate somo moja kila Jumapili, babu na mjukuu kwa pamoja. Umoja huo ulikuwa na uzuri wake, lakini mtoto wa miaka minne alipewa nyaraka za Paulo kama mtu mzima, na walimu wa wadogo wakalalamika kwa miaka mingi. Walikuwa wamejifunza kwa Friedrich Froebel, Mjerumani aliyebuni chekechea, kwamba mchezo ndio kazi halisi ya mtoto. Ilichukua hadi 1908 masomo yaliyopangwa kwa umri kukubaliwa rasmi. Miaka thelathini na sita ni mingi kwa jambo ambalo mama yeyote angewaambia bure.

Waliokuwa na watoto mbele yao hawakusubiri ruhusa. Mwaka 1866 mhubiri Charles Spurgeon alieleza kuhusu kitabu kisicho na maneno, kurasa tatu za rangi tu: nyeusi ya dhambi, nyekundu ya damu ya Kristo na nyeupe ya moyo uliosafishwa. Baadaye ikaongezwa dhahabu ya mbinguni, na leo rangi hizo utaziona zimetungwa kwa shanga mkononi mwa mtoto. Kule Chautauqua, jimbo la New York, ambako walimu wa Shule ya Jumapili walianza kukutana mwaka 1874, walifinyanga ardhi kandokando ya ziwa ikawa ramani ya nchi takatifu. Mtu aliweza kutembea kwa miguu kutoka Yerusalemu hadi Galilaya, na ziwa lenyewe likawa bahari ya Mediterania. Mwaka 1898 Eliza Hawes alitaka kuwafundisha watoto wa mitaa ya New York wakati wa likizo. Alikodi ukumbi wa pombe, na huko wakaimba, wakasikia hadithi za Biblia, wakacheza na kufanya kazi za mikono. Mpango kama huo ndio uliozaa shule za Biblia za likizo tunazoziona hadi vijijini kwetu. Karne ya 20 ikaleta ubao wa flaneli, ambao Nuhu wa kitambaa hushikamana nao bila gundi.

Kwetu mbegu ilidondoka kwenye udongo wenye hadithi tayari. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Zanzibar alimkabidhi mmisionari Askofu Tozer wavulana watano waliookolewa kutoka jahazi la watumwa, na kwa hao watano ilianza shule ya misheni iliyokuja kuitwa Kiungani. Edward Steere, mwenzake Tozer, alikaa chini akasikiliza hadithi za Waswahili, akazichapa mwaka 1870. Nadhani alielewa jambo ambalo wamisionari wengi walichelewa kulielewa: watoto wa pwani hawakuhitaji kufundishwa namna ya kusikiliza. Sema paukwa, wataitika pakawa, na baada ya hapo unaweza kuwapeleka Ninawi, Yeriko au popote.

Kwa hiyo mwalimu mzuri wa sandeskuli hapa kwetu ana hazina mbili: utamaduni wa hadithi na mikono yake mwenyewe. Jumamosi jioni anakata boksi la sabuni liwe safina. Anaokota visoda viwe kondoo mia, kimoja akifiche ili kitafutwe. Udongo wa kando ya mto unakuwa ng'ombe na tembo, kitenge chenye rangi nyingi ni kanzu ya Yusufu, kanga ni shela ya Ruthu. Kwa fedha anayopewa na usharika, mara nyingi hawezi kununua hata karatasi za manila na kalamu za rangi. Hili nalisema kwa uchungu: kamati inayojadili spika mpya kwa saa mbili haitengi dakika kumi kwa darasa la watoto. Wanawake wa Gloucester walipewa shilingi zao.

Nimeona kazi hiyo inavyofika mbali. Darasa moja nililosaidia lilikuwa likiigiza habari za Zakayo. Hapakuwa na mkuyu, tukaweka kiti. Mwalimu hakumchagua mtundu, alimchagua binti mdogo kuliko wote, ambaye kwa majuma kadhaa hakuwa amefungua kinywa. Akapanda. Mvulana aliyekuwa Yesu akasimama chini ya kiti, akamwambia ashuke, leo atashinda kwake. Binti akashuka akicheka, wakashikana mikono, wakaimba, darasa likaisha.

Mchana mama yake alisikia hodi. Binti alikuwa mlangoni na yule mvulana, bado wameshikana mikono, akasema mgeni amekuja kula. Mama akawakaribisha, akaongeza sahani.