Vista ilivyoficha kilo za chai

Leo turudi nyuma kidogo. Windows Vista ilitolewa kwa umma tarehe 30 Januari 2007, na kelele zikaanza papo hapo: kila ukigusa kitu, skrini inafifia na kompyuta inakuuliza kama una hakika. Nami nilipiga kelele na wenzangu.

Kisha nikapigiwa simu kutoka Bomet. Nilikuwa nimewaandikia programu ndogo ya kurekodi kilo za majani mabichi, na data nikaiweka ndani ya Program Files. Kwenye XP haikuleta neno, maana karibu kila mtu alitumia akaunti ya msimamizi. Vista haikuruhusu, ila haikusema! Ilihifadhi faili kimyakimya kwenye VirtualStore, folda ya kila mtumiaji peke yake. Karani wa asubuhi aliingiza kilo, wa jioni akafungua kwa akaunti yake, hola. Mama mmoja akaambiwa hajaleta hata jani. Bahati alikuwa na risiti mkononi.

Aprili 2008, David Cross wa Microsoft alisema hadharani kwamba maswali yale yaliwekwa makusudi ili yaudhi watu, na sisi waandishi wa programu tulazimike kubadilika. Nilikasirika (nani asingekasirika?), halafu nikafungua msimbo wangu.

Windows 7 ilipokuja Oktoba 2009 maswali yalipungua. Data yangu ilikuwa imeshahamia ProgramData, pamoja na ruhusa ya makarani wote wawili kuandika humo. Ilinichukua dakika ishirini.