M73: Nyota Nne Zilizopewa Undugu wa Bure

Kuna watu wakiona kitu kwa orodha ya mtu maarufu, kwao mjadala umeisha. Hao ndio nawaletea M73.

Paris, Oktoba 1780. Charles Messier anasaka kometi, zile nyota zenye mkia. Digrii hakuwa nayo (mimi pia sina, tuendelee). Mwandiko wake safi ndio ulimsaidia kupata kazi kwa mtaalamu wa nyota Delisle mwaka wa 1751. Kilichomsumbua ni vitu vya ukungu angani vinavyofanana na kometi lakini havisongi. Kwa hivyo akiviona anaviandika, visimpotezee usiku tena. Ilikuwa orodha ya vitu vya kuruka, jameni! Sisi ndio tuliigeuza msahafu.

Basi upande wa Ndoo, ile mnaita Aquarius kwa horoskopu, akaona nyota tatu nne hafifu zimekaribiana, na kaukungu. Akazipa namba 73. Baadaye John Herschel akaangalia kwa darubini kubwa zaidi, ukungu hakuna, akatilia shaka kama hilo ni kundi kweli. Lakini namba ilishakaa. Mwaka wa 1888 ikaingia katalogi ya NGC kama 6994.

Sasa, kundi halisi ni lipi? Angalia Kilimia, ile wazee walikuwa wakiiona wanajua msimu wa kulima umefika. Nyota zake zilizaliwa kwa wingu moja na mpaka leo zinasafiri pamoja. Hiyo ni familia. Kukaa karibu machoni petu haitoshi, maana moja inaweza kuwa mbali sana nyuma ya nyingine.

Hata mwaka wa 2000 wanasayansi walikuwa bado wanabishana, hawa wanasema ni kundi, wale wanakataa. Kisha 2002, Odenkirchen na Soubiran wakapima mwendo wa nyota sita zinazong'aa zaidi pale. Kila moja na njia yake. Miaka 222 ya undugu, kwisha.

Mimi nimeziona kwa darubini ya rafiki, huko Kajiado. Messier alizitazama zikiwa chini, hazifiki digrii 30 juu ya upeo wa Paris. Kwetu zinapita karibu na utosi. Zimejipanga kama herufi Y, na hata ukijua ukweli, jicho linakataa kuzitenganisha. Mwanzo wa Oktoba, kitu saa tatu usiku, tafuta giza na darubini ya inchi 6 ujionee.