Dhahabu ya Mjerumani katika Mapango ya Kolo

Mtu wa Kalangalala hafundishwi kutazama mwamba. Hapa katikati ya mji wa Geita mtoto anakua akijua kuwa jiwe zito lenye chuma huenda likawa na dhahabu tumboni, na neno rashi, yaani mbio za kuikimbilia dhahabu mpya, likishapita vijiweni, watu hawasubiri kuche. Mgodi wa enzi ya ukoloni ulifungwa 1966, huu mkubwa wa sasa ukaanza 2000, na wachimbaji wadogo hawajaacha kushuka maduarani, mashimo yao ya kuchimbia. Basi nilipopiga kambi Kolo, wilayani Kondoa, nilikwenda kwa ajili ya michoro ya miambani, lakini kilichonikaa moyoni ni mashimo yaliyochimbwa chini yake.

Kutoka kwetu unapita Singida na Katesh hadi Babati, kisha unageuka kusini kwa barabara ya Dodoma, ile ambayo lami yake ilizinduliwa 2018. Kolo ni kijiji cha kando ya barabara, chenye ofisi ya Mambo ya Kale na makumbusho madogo. Hapo ndipo unapolipia na kupewa mtu wa kukuongoza. Kambi iko mbele kidogo, karibu na mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Usitarajie mengi. Ni uwanja wa kusimika hema, miti ya kivuli na utulivu. Maji ya kunywa njoo nayo kwenye madumu, na kama umesahau kiberiti, shauri yako.

Mchanga ule nao una kisa chake. Makorongo ya Kondoa yalikuwa yamekula ardhi kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika vibaya. Miti imerudi, mito imebaki ya mchanga. Usiku, mbalamwezi ikiumulika, ungeapa uko jangwani.

Kambi inaitwa kwa jina la mwanaakiolojia Mary Leakey, na kwa haki. Alifika Kondoa na mumewe Louis miaka ya 1930, lakini kazi yenyewe aliifanya 1951, alipokaa huku miezi kadhaa akinakili michoro kwa kuipitisha kwenye karatasi angavu, mchoro mmoja baada ya mwingine. Alinakili takriban 1,600. Dunia inamkumbuka kwa mafuvu ya Olduvai na nyayo za Laetoli, lakini kabla ya yote hayo alikuwa mchoraji, na nadhani ndiyo sababu aliivumilia kazi hii. Kitabu chake kuhusu michoro hiyo kilitoka 1983, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kupanda hadi pango la Mungomi wa Kolo kunatoa jasho. Juu, chini ya paa la mwamba, kuna watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vyao vikubwa kama wamefuga nywele au wamevaa vinyago. Katika kundi moja mtu wa katikati ni kama anavutwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema anatekwa nyara, wengine wanaona ngoma. Wataalamu wengi wanaihusisha michoro myekundu na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, ingawa kuhusu umri wake hawajaafikiana. Michoro myeupe, iliyopakwa kwa vidole, ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima wa Kibantu.

Rangi ile nyekundu inatokana na udongo wa chuma. Geita nako dhahabu imekaa ndani ya mwamba wenye matabaka ya chuma. Kumbe nilikuwa nimesafiri siku nzima kwenda kutazama madini yale yale, isipokuwa huku kuna mtu aliyeona yanafaa kuchorea.

Warangi, wenyeji wa hapa, hawakuyaacha mapango haya kuwa makumbusho. Mungomi ni mahali pa kuombea mvua na tiba, na pombe ya kienyeji hurushwa ukutani wakati wa tambiko. Hili liliwahi kuwasumbua wahifadhi, maana pombe inaharibu rangi. UNESCO ilipoyaingiza maeneo ya Kondoa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kilomita za mraba 2,336, ilihesabu pia matambiko hayo kuwa sehemu ya thamani yake. Naona ilikuwa sawa. Ukuta ambao watu bado wanauombea una mlinzi zaidi ya yule anayelipwa mshahara. Vizimba vya waya vilivyowekwa zamani kukinga baadhi ya mapango havikudumu. Waya wenyewe uliondoka na wenye matumizi nao.

Sasa mashimo. Mwezi Aprili 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, yaliiteka Kondoa-Irangi. Mwezi Mei kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akaja na askari wake kuirudisha, akashindwa, na mwishoni mwa Juni akarudi nyuma kusini. Katika kuondoka huko, uvumi ukazaliwa: Mjerumani hawezi kukimbia na mali yote, lazima kaficha. Tangu hapo watu wamechimba sakafu ya Mungomi, na baruti imewahi kutumika. Udongo waliouzoa ndio ule ambao mwanaakiolojia huuchambua kwa brashi, tabaka kwa tabaka. Huko Kisese, si mbali sana, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba 1956, na miongoni mwa vilivyopatikana ni shanga za gamba la yai la mbuni, zilizotengenezwa na watu wa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Siwezi kuwacheka waliochimba. Nilipochungulia shimo, jicho langu halikwenda kwenye ukuta wa michoro, lilikwenda kwenye lundo la kifusi. Niliinama nikaokota jiwe, nikalipima uzito kiganjani kama tunavyofanya kwetu, nikaligeuza kwenye jua. Kisha nikalirudisha pale pale lilipokuwa, mimi na mwongozaji wangu tukateremka kambini kuchemsha chai.