Mtaa Usio na Lakiri: Buswelu na Nafasi ya Mwananchi katika Serikali za Mijini

Makao makuu ya Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela yako Buswelu. Jiji la Mwanza lilipogawanywa mwaka 2012, Nyamagana ilibaki na hadhi ya jiji na kitovu cha biashara. Ilemela ikawa manispaa inayoanzia mwalo wa Kirumba, ikapita uwanja wa ndege, ikafika Sangabuye na Kayenze kwenye ufukwe wa ziwa. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu huko watu 343,000 hivi, na ile ya 2022 ikawakuta 509,000 na ushei. Katika miaka hiyo kumi nyumba zimepanda miamba ya Buswelu na kuyameza mashamba ya mihogo, na jina la kata hiyo limekuwa jina la mamlaka. Siku hizi mtu akisema anakwenda Buswelu, yamkini anafuata kibali cha ujenzi, leseni ya biashara au saini ya ofisa.

Dai la makala hii ni kwamba mwananchi wa Buswelu amesogezewa ofisi lakini amepunguziwa kikao. Mji umemletea mkurugenzi, wataalamu wa mipango miji na Baraza la Madiwani hadi mlangoni. Hata hivyo, chombo pekee anachoweza kuingia kwa miguu yake na kupiga kura bila kuwakilishwa na mtu, yaani mkutano wa mtaa, sheria imekiacha karibu mikono mitupu. Upungufu huu hauwezi kuelezwa kwa uzembe wa watumishi wala kwa tabia ya kiongozi fulani. Umo ndani ya sheria, na ni sheria itakayouondoa.

Tuanze na jirani. Mkulima wa kijijini katika wilaya ya Magu au Misungwi anaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Chini ya sheria hiyo halmashauri ya kijiji husajiliwa na kuwa chombo chenye hadhi kamili ya kisheria. Ina lakiri, yaani muhuri wake rasmi, inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Inaweza kutunga sheria ndogo zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, unaopaswa kukaa angalau mara moja kila miezi 3. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeongeza uzito: halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi, na haigawi bila idhini ya mkutano huo. Najua vijiji vingi havikutani inavyotakiwa na hesabu husomwa kwa kuchelewa. Hata hivyo, mwanakijiji anayetaka kumbana kiongozi wake ana mahali pa kushika.

Mkazi wa Buswelu anaongozwa na Sheria Na. 8 ya 1982, ya mamlaka za miji. Humo mwenye hadhi ya kisheria ni manispaa. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa, kamati, mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri na mkutano wa wakazi. Hauna lakiri, haumiliki kitu, hautungi sheria ndogo na haugawi ardhi. Mwenyekiti hana mshahara, anategemea posho kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ndiye anayeandika barua za utambulisho, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka na anayeshuhudia mauziano ya viwanja, ilhali sheria haimpi mamlaka yoyote juu ya ardhi. Anabeba lawama za serikali nzima pasipo kuwa na chombo cha kazi.

Tofauti hii ina historia. Hadhi ya kijiji ilizaliwa na Sheria ya Vijiji ya 1975, wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipotaka kijiji kiwe chombo cha uzalishaji kinachoweza kukopa na kuuza mazao. Mjini hakukuwa na hitaji hilo. Huko mwananchi alifikiwa kwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 na chama kutenganishwa na dola, ilibidi mjini pawe na ngazi ya chini ya kiserikali, na mtaa ukajaza pengo hilo. Uliundwa kama eneo la kuchagulia na kuandikishia watu. Mpaka leo umebaki hivyo kwa kiasi kikubwa.

Tuchukue jambo dogo, kalavati lililobomoka mvua za masika. Wakazi wanalilalamikia katika mkutano wa mtaa. Mtendaji anaandika, suala linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata inayoongozwa na diwani, kisha linaingia katika mapendekezo ya manispaa, kamati ya kudumu inalijadili na Baraza la Madiwani linapitisha. Bajeti inapelekwa Sekretarieti ya Mkoa, TAMISEMI, Hazina, na mwisho Bungeni. Katika safari hiyo yote mkazi ameshiriki hatua moja tu, ya kwanza. Juu ya hayo, tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala asiyewajibika kwa Baraza la Madiwani. Bomba la maji likipasuka pembeni ya kalavati hilo, ni la mamlaka ya maji, MWAUWASA. Nguzo ikianguka, ni ya TANESCO. Kila chombo kina sababu zake za kitaalamu, na TARURA iliundwa kwa hoja nzito kwamba halmashauri zilikuwa hazina wahandisi wa kutosha. Lakini ukijumlisha yote, diwani anaulizwa maswali ambayo majibu yake yako katika ofisi asizozisimamia, na mwenyekiti wa mtaa anaulizwa hayohayo akiwa mbali zaidi.

Fedha nazo zimekwenda njia hiyo. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo mhimili wa mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kila mwezi mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ukusanyaji umerahisishwa, hilo halina ubishi. Kilichopotea ni mazungumzo kati ya anayelipa na anayetumia. Zamani mwenye nyumba angeweza kusimama mbele ya diwani na kuuliza kodi yake imekwenda wapi. Sasa anakatwa na mita. Mpangaji wa chumba Buswelu naye, akinunua umeme kwa mita ya nyumba, huchangia kodi ya jengo asilolimiliki, na hakuna kikao anachoweza kukitaka hesabu. Manispaa imebakiwa na ushuru wa huduma, leseni, ada za masoko, minada na mialo. Katika hizo mtaa hauna fungu lolote linalolindwa na sheria.

Hapa ndipo inafaa kumtaja mkuu wa wilaya, kwa kuwa bila yeye picha ya utawala wetu haikamiliki. Wilaya ya Ilemela ina nguzo mbili. Moja ni halmashauri, yenye madiwani waliochaguliwa na meya waliyemchagua wao kwa wao. Nyingine ni mkuu wa wilaya, mteule wa Rais, mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama, ambaye Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997 inampa hata uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48. Mkurugenzi wa manispaa, mtendaji mkuu wa hao madiwani, naye huteuliwa na Rais. Mizizi ya cheo cha mkuu wa wilaya ni ya kikoloni. Watu wa Tanganyika walimwita ofisa yule Bwana Shauri, na jina lenyewe linaeleza kazi: kodi, kesi na amri zote zilikuwa mezani pake. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia watemi kwa sheria ya 1926, Usukuma ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotumika kuonyesha jinsi utaratibu huo unavyofanya kazi, na baada ya Vita vya Pili shirikisho la watemi wa Kisukuma likawekewa makao Malya. Watu hawakukaa kimya. Mwaka 1958 wananchi wa Geita walilipinga kwa maandamano baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi ambalo hawakulitaka, na hatimaye mpango huo ukaachwa. Utemi ulifutwa mwaka 1963. Bwana Shauri hakufutwa, alibadilishiwa mwajiri.

India inatupa kioo kizuri, maana wilaya zao na zetu zimekatwa kwa mkasi mmoja wa Waingereza. Huko ofisa wa wilaya bado anaitwa mkusanya kodi, cheo kilichoanzishwa Bengali mwaka 1772 chini ya Warren Hastings. Tofauti na mkuu wa wilaya wetu, yeye ni mtumishi wa kudumu anayepatikana kwa mtihani wa taifa, si mteule wa kisiasa. Kwa muda mrefu aliutawala uwanja peke yake. Kisha marekebisho ya 73 na 74 ya Katiba yao, yaliyoanza kutumika mwaka 1993, yakaweka mabaraza ya vijiji na ya miji ndani ya Katiba yenyewe, pamoja na mkutano wa wanakijiji wote. Jimbo la Kerala lilisogea mbele zaidi mwaka 1996, likaamua kuyapa mabaraza hayo zaidi ya theluthi moja ya fedha zake za mipango, na watu wakakaa kupanga matumizi wakijua kiasi kilichopo.

Linalonigusa zaidi ni kwamba India nayo iliisahau miji. Mwanakijiji alipewa mkutano wake kikatiba. Mkazi wa mjini akapewa kamati za kata, tena katika miji yenye watu 300,000 na zaidi tu, na miji mingi imezichelewesha au kuzijaza wateule. Nchi mbili zenye historia tofauti baada ya uhuru zimefikia upungufu uleule, kwa sababu zote zilidhani ujirani ni mali ya kijijini na kwamba mjini mwananchi anahitaji huduma tu.

Dhana hiyo ndiyo inayosikika hapa kwetu. Husemwa kwamba watu wa mjini ni wapangaji, leo wako Buswelu, kesho Nyasaka, kwa hiyo hawawezi kukabidhiwa mali ya pamoja. Lakini vijiji vya 1975 navyo vilijaa watu waliohamishwa, wengi hawakuwahi kuwa majirani, na bado vilipewa lakiri. Usukuma wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulianzisha ulinzi wa sungusungu bila kusubiri waraka wa serikali. Makosa yake yanajulikana, na baadhi yalikuwa ya kutisha, lakini hakuna anayeweza kusema watu wale walishindwa kujipanga. Na huko Buswelu watu wanajipanga kila siku, katika misiba, katika vikoba, katika michango ya madarasa. Daftari za shughuli hizo mara nyingi ni safi kuliko tunavyodhani.

Hoja ya wizi ni nzito zaidi na inastahili jibu la uwazi. Ukikabidhi fedha mtaani, zitaliwa. Je, zinalindwa vizuri huko juu? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa na serikali Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyokuwapo. Ilirejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Fedha zile zilitolewa na halmashauri, na kikundi hewa hupita kirahisi pale anayeidhinisha hawajui wanakikundi. Majirani wangejua kwamba kikundi cha ushonaji kinachotajwa hakina hata cherehani moja. Kuupa mtaa uwezo wa kuidhinisha majina hadharani kungekuwa ulinzi wa bei nafuu kuliko kumtuma mkaguzi baada ya hasara.

Tumezungumza sana kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa, na kwa haki. Ule wa 2019 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani, na CCM ikatangazwa kutwaa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Ule wa 27 Novemba 2024 ulitoa matokeo yanayokaribiana na hayo. Mabishano juu ya nani alishinda yamemeza swali la pili, ambalo naliona zito vilevile: aliyeshinda anaweza kufanya nini? Mwenyekiti aliyepatikana kwa uchaguzi safi kabisa bado angeingia katika ofisi isiyo na fungu.

Ninachopendekeza si kuigawa manispaa vipandevipande. Mifereji, madampo na ramani za mji zinahitaji mamlaka kubwa. Sheria Na. 8 iupe mtaa hadhi ileile ambayo Sheria Na. 7 imeipa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9 ya 1982, itenge sehemu maalumu ya mapato ya ndani, iende mtaani kwa kanuni inayojulikana kabla ya mwaka wa fedha kuanza, ili mkutano upange kwa kiasi kilichopo badala ya kuorodhesha matamanio. Na mkutano wa mtaa uwe na haki ya kuwaita TARURA na mamlaka ya maji wajieleze, kwa tarehe iliyowekwa, mbele ya watu waliokatwa fedha. Kati ya haya, la mwisho halihitaji hata shilingi.

Serikali imekuwa ikitaja ugatuaji wa madaraka kwa umma tangu waraka wa sera wa 1998. Sheria Na. 8 imerekebishwa mara nyingi tangu 1982. Hadi itakaporekebishwa tena, mtaa wa Buswelu, hatua chache kutoka makao makuu ya manispaa, hauwezi kumiliki kwa jina lake hata kiwanja cha ofisi yake.