Maji ya Moto Yana Wakati Wake

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya joto na mama mjamzito. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, wayamalize wenyewe. Hapana. Mimba ni jambo la nyumba nzima, na historia yake ina mafunzo kwa akina baba pia.

Hapa kwetu Musoma, na kwa jirani zetu wa Bunda na Butiama, kama katika nyumba nyingi za Tanzania, maji ya moto yana kazi moja inayojulikana: kumkanda mzazi. Mama akishajifungua, bibi au mama mkwe huteleka maji, akachovya kitambaa na kumkanda tumbo na mgongo. Ni desturi ya huruma, ingawa maji yakizidi moto humbabua mzazi badala ya kumpa nafuu. Lakini tuangalie vizuri: hiyo ni desturi ya mwanamke aliyekwisha jifungua. Joto kali kwa mwenye mimba ni habari nyingine.

Habari hiyo ilivuma kwa ajili ya beseni kubwa la hotelini tulilozoea kuliita jakuzi. Jina ni la ukoo wa Jacuzzi, Waitaliano waliohamia Marekani na kutengeneza pampu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walibuni pampu ndogo ya kumkanda kwa maji mtoto wao aliyeugua viungo. Mwaka 1968 Roy Jacuzzi akatoa beseni lenye pampu ndani yake. Kilichoanza kama tiba kikawa starehe ya matajiri.

Tofauti yake na ndoo yetu ni hii: maji ya ndoo hupoa unapoyaoga. Ya jakuzi hayapoi. Mashine huyashikilia penye nyuzi 38 hata 40 za Sentigredi, na mwili uliozama hadi shingoni hauna namna ya kujipoza kwa jasho.

Wataalamu walianza kuona hatari kwa wanyama. Mwaka 1967 Marshall Edwards, daktari wa mifugo wa Australia, alichapisha habari za simbilisi wenye mimba waliopashwa joto na kuzaa watoto wenye kasoro. Kisha mwaka 1992 Aubrey Milunsky na wenzake wa Boston walitoa hesabu za wanawake zaidi ya 23,000. Walioingia jakuzi mwanzoni mwa mimba walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupata mtoto mwenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo, kama wale tunaowaita watoto wa mgongo wazi. Waliopatwa na homa, hatari yao ilikaribia mara mbili. Hata hivyo mama asipate hofu kupita kiasi: watoto walio wengi kabisa walizaliwa wazima.

Kwa nini mwanzoni? Kwa sababu mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga yapata siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Siku hiyo akina mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito.

Msomaji wangu wa Musoma ataniuliza: jakuzi inanihusu nini, nami naogea ndoo? Nami namjibu: usiangalie beseni, angalia joto. Madaktari huanza kuogopa joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 39 hivi. Malaria hulifikisha hapo na kulipitisha, tena kwa saa nyingi, si kwa dakika ishirini za starehe. Nasi tunakaa kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu. Jakuzi yetu ni homa.

Taifa halikulala. Mwaka 2001 dawa ya SP ilianza kutolewa kliniki kuwakinga wajawazito na malaria. Mwaka 2004 ikaanza Hati Punguzo, ili mjamzito anunue chandarua kwa bei nafuu. Mipango hiyo ilikuwa mizuri. Lakini tazama kalenda, ndugu yangu. SP hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Hati nayo ilipatikana kliniki, yaani baada ya mama kujijua. Siku ya 28 ilikwisha pita zamani.

Maana yake ni kwamba kinga ya mwezi wa kwanza haipo kliniki, ipo nyumbani. Chandarua chenye dawa kiwe kitandani kabla ya mimba, si baada yake. Vidonge vya asidi ya foliki navyo hufaa zaidi vikianzwa kabla. Mwanamke anayeweza kuwa na mimba akipata homa, asingoje hadi kesho wala asimeze dawa za dukani kwa kubahatisha. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, na aseme wazi kwamba huenda ni mjamzito. Na yule atakayebahatika kulala hoteli yenye jakuzi, aiache mpaka ajifungue. Maji ya uvuguvugu ya ndoo hayana ubaya.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Akina baba, chandarua cha nyumba yako kimechanika tangu lini?