Manju: historia ya kiongozi wa ngoma magharibi mwa Tanzania

Katika Kiswahili, mtu anayetunga nyimbo za ngoma, akaziimbisha na kuwaongoza wapigaji na wachezaji wake huitwa manju. Katika muziki wa Ulaya anayemkaribia zaidi ni kondakta, yaani kiongozi anayesimama mbele ya okestra na kuwaonyesha wapigaji, kwa mkono au kwa kijiti, lini waanze, waende kwa kasi gani na wapi sauti ishuke. Ili kumwelewa manju tunaanzia Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania: mji huo umo katika nchi ya Wakonongo, majirani wa Wanyamwezi, na historia ya manju katika eneo hilo haitenganiki na ile ya Unyamwezi na Usukuma.

Katika karne ya 19 Ukonongo ulipitiwa na misafara ya biashara, na mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipita humo akizungukia kusini ili kukwepa vita vya Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipokuwa akielekea Ujiji. Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, mpagazi mzoefu aliyevaa mavazi ya kuonekana kutoka mbali, na nyuma yake wapagazi walipokezana nyimbo zilizolinganisha hatua zao na kusahaulisha uzito wa mizigo. Aliyejua kuimbisha alikuwa na thamani yake njiani.

Huko Usukuma kazi hiyo ilikua ndani ya vyama vya wawindaji na waganga, kama vile Wayeye, wanaocheza na nyoka, na Wanunguli, wawindaji wa nungunungu. Simulizi za Wasukuma zinawataja mahasimu wawili, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alidai kuwa dawa yake ya kuvuta watu ina nguvu kuliko ya mwenzake, wakashindana kwa ngoma, na wafuasi wao ndio chanzo cha makundi ya Wagika na Wagalu yanayoshindana hadi sasa.

Mashindano yenyewe hufanyika baada ya mavuno, na utaratibu wake ni mkali kuliko ule wa ukumbi wowote wa tamasha. Vikundi viwili huanza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda watakako, hata mshindi hujulikana kwa macho tu, kwa kuwa ndiye mwenye watu wengi. Manju anayeona watu wanaanza kumponyoka hana budi kubadilisha mambo hapo hapo: pengine atabuni kejeli mpya ya kumpiga nayo mpinzani, au atawaashiria wapigaji waongeze kasi, au atawatoa wachezaji wa bugobogobo, ngoma ya wakulima, warushe majembe juu, wayazungushe na kuyadaka bila kupoteza mapigo.

Ulaya kazi hizo ziligawanywa. Katika opera, ambayo ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa takriban wote, mmoja huandika maneno, mwingine hutunga muziki, na kondakta huongoza kilichokwisha kuandikwa. Leonard Bernstein wa Marekani anakumbukwa kwa sababu aliivuka mipaka hiyo: mwaka 1953 aliongoza opera La Scala mjini Milan, mwaka 1957 muziki alioutunga kwa ajili ya *West Side Story*, mchezo wa jukwaani unaochanganya mazungumzo, nyimbo na dansi, ulisikika Broadway, na mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa muziki wa okestra ya New York Philharmonic. Kwa manju, kuunganisha kazi hizo lilikuwa jambo la kawaida, na tofauti kubwa kati yake na kondakta iko kwingine: kondakta huwapa wasikilizaji mgongo, ilhali manju huwatazama, maana ndio waamuzi wake.

Uamuzi huo ulihama baada ya Uhuru. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni, kikafuata Kikundi cha Taifa cha Ngoma, ambacho kiliichukua bugobogobo na kuipeleka jukwaani, mbele ya wageni wa serikali waliokaa vitini na wasioweza kuhamia kwa mpinzani. Majembe yaliendelea kurushwa, lakini ushindani, ambao ndio uliomlazimisha manju kutunga papo kwa papo, haukuwapo tena. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kiliifanya ngoma kuwa somo la darasani. Hata hivyo manju hakutoweka, kwani Mwinamila wa Tabora na kikundi chake cha Hiari ya Moyo walijulikana nchini kote, na siasa ndiyo iliyompa mada.

Wafugaji wa Kisukuma walipohamia kwa wingi katika Mkoa wa Rukwa, ambao Inyonga ilikuwa sehemu yake kabla Katavi haijaundwa mwaka 2012, walikuta kazi ya kuongoza waimbaji imeshika pia njia ya kanisa, iliyofunguliwa na wamisionari wa Kikatoliki waliofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwalimu wa kwaya wa leo husimama mbele ya waimbaji kama kondakta, mgongo kwa waumini. Lakini kiitikio kikikolea, mara nyingi huonekana akigeuka, akiimba na kucheza, kuwatazama watu.