Rweya: nyasi, migomba na udongo wa Buhaya

Rweya ni jina la Kihaya la nyika ya nyasi iliyotanda juu ya vilima vya Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Katikati yake vijiji vimekaa kama visiwa vya migomba, mibuni na miti ya kivuli. Shamba hilo la nyumbani ndilo kibanja. Pembezoni mwa kibanja kuna kikamba, ardhi ya kati ambayo ama inajengwa kuwa kibanja au inarudia unyasi. Mgeni hudhani kila uoto umeota pale udongo ulipouruhusu. Buhaya, nchi ya Wahaya, mambo ni kinyume: uoto, na mikono ya watu, ndivyo vilivyoufanya udongo uwe ulivyo.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Buhaya huinuka juu yake. Ukanda wa pwani ya ziwa, ilimo Kitendaguro katika Manispaa ya Bukoba, hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Mwamba wake ni jiwe la mchanga, maskini wa madini tangu asili. Mvua za karne nyingi zimechuja kalisi, magnesiamu na potasiamu zikashuka kina kisichofikiwa na mizizi. Udongo uliobaki ni mchachu, na katika uchachu huo alumini huyeyuka na kudumaza mizizi.

Hata ndani ya rweya nyasi hazikufunika ardhi sawasawa. Huota kwa mashungi, na kati ya shungi na shungi ardhi hubaki wazi. Chini ya shungi majani hulainisha pigo la tone la mvua, mizizi inayokufa huacha mboji, na maji hupenya. Hatua moja pembeni, tone huipiga ardhi tupu, chembe laini huziba vitundu vya udongo, maji hutiririka juu na kuondoka na tabaka jembamba. Shungi hunasa baadhi ya chembe hizo, kwa hiyo palipo na kitu huongezewa na palipo tupu huzidi kuwa tupu. Moto wa kiangazi huongeza pengo: naitrojeni ya nyasi hupaa na moshi, na majivu husombwa na mvua za kwanza.

Tofauti kubwa zaidi ni ile kati ya nyika na kibanja. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alichapisha makala kuhusu fumbo hili la Bukoba: rutuba nyingi na rutuba haba juu ya udongo wa asili moja. Jibu lake liko katika kazi ya watu. Ng'ombe walichungwa rweyani mchana, wakalala nyumbani na kuacha samadi. Nyasi zilikatwa, zikabebwa kichwani, zikaezeka nyumba, zikatandikwa sakafuni, na zilipochakaa zikatupwa shinani mwa migomba kuwa matandazo. Vizazi kwa vizazi, rutuba ya eneo pana ilikusanywa mahali padogo.

Kila kilichoingia kibanjani kilitoka rweya, na rweya haikurudishiwa. Wanawake walioifungua kwa misiri, yaani vishamba vya muda vya njugu mawe na mazao mengine, walivuna kidogo kisha wakaiacha ardhi ipumzike kwa miaka. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi katika Afrika Mashariki, na mfumo uliotegemea zizi uliguswa moyoni. Leo kaya nyingi hazina ng'ombe, na sehemu za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, hivyo nyasi za kukata zimepungua. Mimea jamii ya kunde, kama marejea na utupa, imejaribiwa kuziba pengo hilo. Huongeza naitrojeni, lakini potasiamu, ambayo mgomba huihitaji kwa wingi, haiwezi kutoka hewani.

Kibanja kikikosa samadi na nyasi, udhaifu huonekana kwanza ukingoni: mikungu hupungua, kikamba kinasogea ndani. Mgomba ulio nyuma ya jiko, unaopewa majivu na maganda ya ndizi kila siku, ndio hubaki mnene hadi mwisho.